Hapo Pana Mtu

Kerende, Nyamongo,
Tarime.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako mama yangu,

Shikamoo mama. Pokea shikamoo hii na nyingine mbili za akiba, maana ni muda sijakuamkia kwa mkono wangu. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Mpwapwa? Yule mbuzi mwekundu amezaa, au bado anatuchezea akili? Sisi huku ni wazima. Nikisema wazima leo nina maana ya wazima kweli, kwa sababu wiki tatu zilizopita nisingethubutu kuliandika neno hilo.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ni ya Amosi, na huyo mdogo wangu kila nikipiga anaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikia mpaka kuku. Haya ninayokuandikia si ya kuku. Barua nitampa mama mmoja wa kanisani anayesafiri kwenda Dodoma, na ameniahidi atakufikishia mkononi. Vaa miwani yako, kaa penye mwanga, usome polepole mwenyewe. Amosi asikusomee.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Tulipofika huku mwaka jana, mkweo Elia akifuata dhahabu, mimi nilikuwa nafunga mlango mchana kutwa. Elia anaingia duarani asubuhi, yaani kwenye lile shimo lao la kuchimbia, anarudi jioni amejaa vumbi hadi kope, anakula, analala. Sina wa kuongea naye. Majirani wanawake nilikuwa nawaogopa, mama. Wakurya wanasalimiana kwa sauti ambayo kwetu ingetosha kuita mabalozi wa nyumba kumi. Siku ya kwanza nilichungulia dirishani nikijua kuna ugomvi, kumbe mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake kama watoto wameamkaje.

Aliyenitoa ndani ni Bhoke, jirani wa ukuta kwa ukuta, mumewe ni wa bodaboda. Aliingia bila hodi na kapu la mgagani, akaniuliza kwa nini nafunga mlango mchana kama mtu aliyeficha mbuzi wa wizi. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tushuke kwenye basi. Nilimpikia ule mlenda wako mkavu, akaula kwa adabu, kisha akaniomba nisimpikie tena.

Ni yeye aliyenipeleka kilimani. Kila Alhamisi anapanda kilima cha nyuma ya Kerende kutafuta kuni pamoja na wenzake wawili. Mmoja ni Nyangi, mjane wa makamo aliyezaliwa Mbalibali, upande wa Serengeti. Mwingine ni Akinyi, Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, anauza samaki Nyamongo. Kabla ya kupanda, simu zote zinaachwa ndani ya kinu cha Nyangi na kufunikwa kwa ungo. Nilidhani ni kwa ajili ya wezi.

Kuni zikishafungwa hawashuki. Wanakaa chini kwenye majani, mgongo kwenye mwamba, uso bondeni, na hawasemi neno mpaka kivuli cha mwamba kiguse vidole vya miguu yao. Nyangi aliniambia alikuja na jambo hilo kutoka kwao. Mbalibali, mahindi yakianza kukomaa, wanawake hukaa shambani kimya kuwasikiliza tembo, kwa sababu anayepiga soga ndiye anayeliwa shamba. Hapa Kerende tembo hakuna. Nilipomuuliza basi huku wanasikiliza nini, alisema kila mtu atakisikia cha kwake.

Wanaanza baada ya mlipuko. Mchana huku mgodini hupasuliwa miamba, ardhi inatikisika kidogo chini ya makalio, halafu ndege wote wananyamaza kwa pamoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kule kilimani mshindo ndio unaotangulia. Na kimya chake, mama, sijui nikuelezeje. Unahisi kama mtu ameingia chumbani ulimo na hajakusalimia.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na mimba ya miezi mitano na miguu inawaka moto. Niliona wamekaa wameachana achana, nikajitupa kwenye nafasi iliyo karibu na Bhoke. Akanivuta mkono. "Hapo pana mtu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayemwekea mwenzake nafasi kwenye benchi la zahanati. Nikaangalia. Hapakuwa na mtu.

Baadaye ndipo aliponieleza. Kila mmoja wao anaacha nafasi kushoto kwake kwa mtoto aliyemzika. Bhoke anaacha moja, Akinyi moja, Nyangi mbili. Niliona aibu kubwa, maana nilikuwa nimetaka kumkalia mtoto wa watu. Nikawaambia mimi sijazika, ndiyo kwanza natarajia, kwa hiyo wasogee tu tubanane. Nyangi akajibu, "Sawa," lakini hakuna aliyesogea. Kushoto kwangu nafasi ikabaki. Nikajua ni heshima ya mgeni. Tulipoinuka, majani ya pale kushoto kwangu yalikuwa yamelala, nikajiambia ni mbuzi wamepita.

Nikawa naenda kila Alhamisi, mama, na sitakudanganya, ndiko nilikopata nafuu. Nilikuwa nikishuka na mzigo wangu wa kuni kifua ni chepesi, usiku nalala. Hatukuwa tumesema kitu, lakini nilikuwa nawapenda wale wanawake kama watu niliokua nao. Debora alipozaliwa, wao ndio walionikanda na kunipikia uji, huku wewe nikikuficha kwamba uzazi ulikuwa mgumu. Nisamehe.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Alipofika miezi miwili mtoto alianza kulia. Si kilio cha tumbo, hicho nakijua. Alikuwa analia macho makavu, ameyatoa, kama anayemtafuta mtu kwenye umati. Nikimpa ziwa analisukuma. Nilikuwa nakamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, nusu anayatema. Siku kumi. Zahanati walimpima damu, wakamtazama mdomo na masikio, wakasema hawaoni ugonjwa. Kwenye kadi mstari wa uzito ulikuwa unashuka, na muuguzi aliniambia Ijumaa nirudi, kama bado watatuandikia kwenda hospitali kubwa. Elia hakwenda duarani siku tatu. Alikuwa anakaa mlangoni ameshika kichwa, na mimi nilishaanza kumwona mwanangu anaondoka.

Alhamisi, siku moja kabla ya kurudi zahanati, Bhoke aliingia akamchukua mtoto na kumfunga mgongoni kwake. Nikamwambia leo sina nguvu za kuni. Akasema leo hatuendi kuokota kuni.

Tulipokaa kilimani mtoto akiwa mapajani mwangu analia, Akinyi ndiye aliyesema. "Kwetu mtoto akilia hivi anaitana na mtu. Iko mtu wenu anataka mtoto apewe jina lake. Taja wafu wako mmoja mmoja, polepole. Akinyamaza, tutajua ni nani."

Mama, wewe umenifundisha kusali, hukunifundisha kutaja wafu. Lakini mtoto ana njaa na anakataa ziwa. Siku ile ningetaja hata wafu wa jirani. Nikaanza na baba. Nikamtaja bibi Perusi, babu, shangazi Mele, na mjomba yule aliyeliwa na mamba. Kila jina nilikuwa nasubiri, na mtoto alikuwa analia vilevile. Nikamaliza.

"Bado mmoja," Nyangi akasema.

Nikamwambia hakuna. Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu, na wote walionifuata wako hai.

"Basi usimtafute. Wewe kaa tu."

Mlipuko ukapiga. Ardhi ikatikisika, ndege wakakata sauti. Kilio cha mtoto kikawa chembamba, kama kinatoka nyuma ya ukuta. Sikuwa nawaza kitu, nakuapia. Nilikuwa natazama bonde na mabati ya Nyamongo yanavyowaka jua. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Sechelela."

Sikulipaza. Nililisema kama mtu anavyomwambia mwenzake apokee kikombe.

Mtoto akanyamaza katikati ya pumzi. Akageuza shingo kushoto, kwenye ile nafasi, akatazama juu kidogo, usawa wa uso wa mtu aliyekaa. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, akatafuta ziwa mwenyewe, akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Nywele zilinisimama na machozi yananitoka, vyote kwa pamoja. Wenzangu hawakushangaa. Bhoke alijivuta tu pembeni, akaiongeza nafasi.

Ijumaa muuguzi akampima, uzito haujashuka. Ijumaa iliyofuata umepanda. Aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimepumzika. Elia kwanza alicheka, akasema jina la mtoto ni Debora, la mama yake, na mama yake yuko hai na ana masikio. Lakini juzi nimeifungua kadi nikakuta ameandika Sechelela kwa penseli, chini ya Debora.

Mama, wale wanawake hawajawahi kusikia jina hilo. Ni jina la kwetu, la Kigogo. Na mimi simjui Sechelela yeyote katika ukoo wetu. Niliumiza kichwa wiki nzima. Jana mchana nilikuwa natandika ili nimlaze mtoto, naye akageuka kushoto akatabasamu, kama anavyofanya siku hizi, siogopi tena. Nikajikuta nimevuta kanga na kuacha nafasi upande wa ukutani. Nikasimama nimeishika ile kanga. Nilikumbuka mkeka wetu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalala? Wewe, mimi, Amosi, na mdogo akiwa kifuani. Tulikuwa tunabanana hadi viwiko vinaumiza, na bado upande wa ukutani ulikuwa wazi. Amosi alijaribu kuhamia huko siku moja, ukamvuta mkono. Hukumkaripia, ulimvuta tu, kama Bhoke alivyonivuta mimi. Na ulipokuwa unasaga uwele kwenye jiwe ulikuwa na wimbo wako usio na maneno, ila neno moja linalorudi. Nilikuwa mdogo, nilijua ni neno la kusagia. Jana ndipo nilipojua ni jina.

Sikulaumu kwa kunificha. Bhoke ana msemo, mficha uchi hazai, lakini mimi najua kuna mambo mtu anayafunika ili aweze kuamka asubuhi. Sikuulizi ilikuwaje, wala alikaa siku ngapi. Kama nimekosea, mwambie Amosi anipigie aseme mbuzi mwekundu amezaa, nami sitalitaja tena maishani. Kama sijakosea, usinijibu kitu. Uza karanga zikishavunwa, upande basi uje.

Nyangi ananiuliza kila Alhamisi mama yako anakuja lini. Mara ya kwanza nilimuuliza anakujulia wapi. Akaniambia, "Nafasi ile si yako, wewe unashikia tu. Ni ya mama yako." Nimekushikia, mama. Wanawake hawa watakupokea kwa makelele yao, usiogope, wanakuuliza tu umeamkaje. Simu yako utaiweka kwenye kinu. Utakaa kulia kwa Sechelela, mimi nitakaa kulia kwako na mtoto, na hatutasema kitu mpaka kivuli kifike miguuni. Umelibeba jina hilo peke yako muda mrefu sana.

Nisalimie Amosi mwenye simu yake, na wifi anayekuchotea maji, Mungu amtunze. Msalimie dada Rahabu aliyenifundisha kusuka ukili, na mzee wa kanisa anayependa kuuliza kama huku tunasali. Mwambie tunasali. Elia anakuamkia, shikamoo yake hiyo. Bhoke, Akinyi na Nyangi wanakusalimu ingawa hamjaonana. Mjukuu wako amelala ubavuni mwangu ninavyoandika, ameshiba, uso ameuelekeza ukutani.

Mimi ni mwanao wa pili,

Yunis