Njia ya Kutokea Namba Kumi na Nne

Dada yangu,

Kabla sijakuamkia, weka mkasi chini ukae kitako, maana anayekuandikia si yule mdogo wako uliyekuwa ukimfukuza na rula ya kupimia nguo. Huyu ni dereva ambaye barabara yenye njia sita imemwamkia shikamoo, naye akaiitikia marahaba huku kiwiko kiko dirishani. Malori marefu kama treni yalikuwa yananipisha. Askari wa barabarani waliniona nikipita, wakatazamana, wakavua kofia. Nasikia wanataka nibaki huku niwafundishe kazi.

Haya, sasa shikamoo. Hujambo wewe? Mgongo umepoa, au bado unainamia cherehani mpaka usiku? Shemeji anaendeleaje na ule mkoromo wake wa kuamsha majirani? Wanao wasalimie, yule wa mwisho mwambie kandambili zangu namwachia kwa muda tu, nikirudi nazitaka. Sisi wazima. Mama magoti yanamlalamikia kwa sababu ya ngazi, nyumba iko ghorofa ya nne na lifti imebandikwa karatasi tangu siku tuliyofika. Lakini anakula na anagombeza, kwa hiyo ujue yuko salama.

Naandika kwa karatasi kwa sababu humu ndani simu haizungumziki. Ni chumba kimoja na jiko. Ukipiga chafya jikoni, aliyeko kitandani anakwambia pole. Mama kapewa kitanda, mimi na Daktari tunalala chini. Hebu fikiria, mimi ninayesambaza magodoro mji mzima, nimekuja ng'ambo kulalia godoro jembamba kama biskuti. Huyo Daktari ndiye mdogo wetu, jina unalijua, mama alimpa akiwa na miaka saba kwa sababu alimfunga kuku bandeji. Alichosomea ni uuguzi. Nikimkumbusha mama tofauti, ananiambia nikanywe maji.

Uliniuliza kwenye simu kuhusu ile picha. Kwa nini macho ya mama ni mekundu, na kwa nini nyuma yao hakuna watu wakati ilikuwa sherehe. Nikakujibu mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima, ila mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu akimenya viazi. Sasa nakueleza yote kwa mpangilio.

Unajua mama alikuja kwa jambo moja tu. Kwenye chuo chao, muuguzi akihitimu, mzazi wake anapanda jukwaani kumbandika beji kifuani mbele ya watu wote. Wiki moja kabla, chuo kiliwapa wahitimu beji zao wazipeleke kwa wazazi. Basi Daktari akaja na kikasha kidogo cha bluu, akakiweka mikononi mwa mama kama anamkabidhi yai. Mama akaogopa mikono isije ikamtetemeka siku hiyo. Akaamua kufanya mazoezi. Na wa kufanyiwa mazoezi, Dada, ni nani? Daktari alikuwa zamu hospitalini kila asubuhi. Nikabaki mimi.

Kila siku baada ya chai, nasimamishwa katikati ya chumba na shati langu la bluu ulilonishonea. Mama anafungua kikasha, ananibandika beji, anarudi nyuma hatua mbili, ananiambia ninyooke, nisimame kama mdogo wangu. Halafu machozi yanamlenga. Halafu anaibandua, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha kikashani, anaenda kuosha vyombo. Siku saba. Ukiliona shati hilo lina matundu madogo mawili mawili upande wa moyo, usidhani ni mende.

Kutoka hapa hadi chuoni ni mwendo wa dakika arobaini kwa gari, na treni ina ngazi nyingi kuliko magoti ya mama. Daktari akasema tukodi gari, yeye atatangulia na treni alfajiri kwa sababu wahitimu wanatakiwa mapema, mimi nitamleta mama. Hapo nikavimba kifua. Nikaona angalau kuna kazi moja duniani ambayo yeye haiwezi mbele yangu.

Tukaenda kukodi. Dada wa kaunta ana kucha ndefu kama vijiko. Nikamwekea leseni yangu, nikamwekea na kile kijitabu cha kijivu kinachosema leseni yangu inakubalika nchi za watu. Akatabasamu. Nikasema moyoni, ameshatambua. Akaomba kadi ya benki. Nikatoa yangu, mashine ikaikataa. Nikaingiza tena, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Daktari akatoa yake kimya kimya, mashine ikaikubali hapo hapo, hata mashine za huku zina upendeleo. Karatasi ikachapwa. Jina lake juu, kwa herufi nene. Langu chini, kwa herufi za chungu. Nikamuuliza Daktari hayo maneno pembeni ya jina langu yanasema nini. Akasitasita, akaniambia yanasema dereva wa ziada.

Wa ziada! Mimi niliyeshika usukani tangu yeye anavaa kaptura ya shule!

Nje akaanza kulizunguka gari akilipiga picha. Nikadhani anataka kumbukumbu, nikajipanga. Nikaegemea boneti, nikaweka mguu kwenye tairi, nikakaa pozi kwenye mlango wa nyuma. Kumbe anapiga picha mikwaruzo iliyokuwepo, tusije tukasingiziwa wakati wa kurudisha. Mkwaruzo mkubwa kuliko yote nimeuziba kwa makalio yangu. Dada wa kaunta alipotazama zile picha alicheka mpaka akashika meza, na Daktari naye akacheka, na mimi nikacheka ili tuwe wengi.

Jioni hiyo akanifundisha. Huku usukani uko pale ambapo kwetu anakaa abiria, na watu wanapita upande wa kulia. Gari halina klachi, kwa hiyo mguu wa kushoto uko likizo, lakini haujui. Mara mbili niliukanyagisha breki kama klachi, tukainama wote wawili kama tunasali. Na indiketa iko mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kulia umezoea, kila nikitaka kukata kona nawasha waipa. Jua linawaka, mimi nafuta mvua. Daktari hakunicheka kwa hilo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akachukua karatasi, akaandika 14 kwa kalamu nene, akaibandika karibu na usukani. Akasema njia za kutokea zina namba, nihesabu kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, inayofuata ndiyo yetu. Nikiikosa, nyingine iko ng'ambo ya daraja, na daraja hilo asubuhi lina foleni ya kuzeesha watu.

Siku yenyewe tuliondoka saa mbili, sherehe saa nne. Mama ndani ya gauni lako la kijani, Dada, alikuwa anang'aa, ukosi umekaa sawasawa. Kikasha kiko mapajani, mkanda wa gari umepita juu yake kama naye ni abiria.

Kuingia barabara kuu si mchezo. Unatokea pembeni, na wenye barabara yao wanakuja kama wameitwa msibani. Nikawasha waipa, nikaomba radhi, nikaingia. Mmoja akanipisha, nikampigia honi ya asante kama tunavyofanya kwetu, pii pii. Akanitolea macho mekundu. Mwingine akanipisha, nikamshukuru, akanionyesha ngumi. Mama akauliza tumewakosea nini watu hawa. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba huku honi ni tusi. Kwa hiyo nimewatukana watu wema kumi na wawili, wote walionisaidia.

Lakini baada ya namba kumi na moja nikatulia. Kweli kabisa, Dada, nikaanza kuendesha. Njia ya katikati, mwendo mmoja, vioo vyote navisoma. Saa ilikuwa mbili na nusu. Nikamwangalia mama pembeni, nikangoja aseme neno.

Akasema. Alikuwa anapapasa kile kikasha, akasema laiti baba yetu angekuwepo leo, angeona jasho lake halikwenda bure, kwamba kati ya wanawe kuna mmoja aliyetoka mtu. Halafu akaniambia nipunguze mwendo.

Mmoja, Dada. Hata wewe mwenye gauni hukuhesabiwa. Nikakumbuka ninavyowadanganya watu mtaani kwamba niliacha shule ili mdogo wangu asome. Wewe unajua, niliacha kwa sababu ya hisabati. Lakini ni mimi niliyempeleka shule mgongoni wakati wa mafuriko. Ni mimi niliyempiga yule mtoto wa muuza mkaa kwa ajili yake. Hayo hayana beji.

Tukapita kumi na mbili. Tukapita kumi na tatu. Kama mama anavyosimulia, hapo ndipo likaja lile lori refu, likatuziba upande wa kulia, na lilipotuachia, kumi na nne ilikuwa nyuma yetu.

Daraja lilitumeza. Saa tatu, tuko darajani. Saa tatu na nusu, tumesogea hatua za kobe. Nne kamili mama akafungua kikasha, akakifunga. Akakifungua, akakifunga. Hakunigombeza, na wewe unajua mama asipogomba ni kwamba hali ni mbaya. Tulipogeuza na kufika chuoni, ilikuwa saa tano na ushei, na wafagizi walikuwa wanapangilia viti juu ya viti.

Daktari alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi na sare yake nyeupe, kifua bila beji. Waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja na mama yake au baba yake. Yeye alipanda peke yake, akapewa mkono na mwalimu, akashuka. Alipotuona alikimbia. Unajua alichouliza kwanza? Hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi kama tumegongwa, akanishika mabega akinikagua kama mgonjwa. Mimi nikafungua mdomo nijibu. Mama akanitangulia. Akamwambia ni lori, lilituziba.

Basi Daktari akasema beji ni bati tu, mama ndiye sherehe yenyewe, tuifanye pale pale. Mama akambandika kwenye maegesho, kati ya gari letu na pipa la taka. Mikono ile iliyonibandika mimi siku saba bila kukosea ikamtetemeka, akajichoma kidole. Tone moja la damu likadondokea sare. Nikaambiwa nipige picha. Ndiyo ile uliyoiona, ukasifu gauni.

Tangu siku hiyo mambo yamegeuka. Mama anawapigia simu mashangazi wote, anasimulia jinsi mwanawe mkubwa wa kiume alivyomvusha kwenye mto wa malori, akamrudisha bila mkwaruzo. Jana alimwambia mama mdogo kuwa bila mimi angefia darajani. Lori nalo analiongezea kila siku, juzi lilikuwa kubwa, jana lilikuwa jekundu, leo lina matangi. Daktari kaongeza siku za gari ili nimtembeze mama, na ile karatasi ya 14 hakuibandua. Anajilaumu, anasema angetafuta mtu anayeijua njia. Sifa nilizozitamani tangu utotoni nimepewa zote kwa wiki moja, Dada, na kila nikizila zinakwama kooni kama kiazi kikavu.

Tutaondoka baada ya wiki tatu, barua itatutangulia. Nisalimie majirani, mwambie fundi wa magodoro asimpe mtu pikapu yangu. Shemeji mpe mkono wa kheri. Mama anakusalimu, hajui kama nakuandikia. Daktari anakusalimu, na yeye hajui.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeshikilia kalamu muda mrefu mpaka wino umetoa doa, kama unavyoona.

Njia ya kulia ilikuwa tupu. Kibao cha kijani kilikuja kikubwa kama mlango, kumi na nne, na nyuma yake hakuna kitu ila mbingu. Mkono wa kushoto ukawasha indiketa. Si waipa, indiketa, mara ya kwanza siku nzima nimeipata. Ikalia tik tik tik. Nikaisikiliza. Nikaizima, nikanyoosha usukani, nikakanyaga mafuta.

Sikulisema mimi kwanza lile lori. Alilisema mama. Ukimpokea mtazame machoni, wewe unamsoma kuliko sisi, kisha uniambie. Maana lori halikuwepo, Dada, na kibao kilipita upande wa mama.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa ziada.