Maji ya Mchicha

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila figo za baba bado zinatusumbua. Mchicha wake naukatakata na kuuchemsha kwa maji mengi, kisha nampa mama maji hayo akayamwage. Muuguzi alisema chumvi zinazomdhuru baba hubaki humo.

Kumbe hamwagi! Jana nilimkuta akimnywesha baba kikombe kizima. "Nguvu yote ya mboga imo humu," akanifokea. "Wewe unamlisha makapi."

Alipotoka, nikamsihi baba asinywe tena.

"Najua, mwanangu. Lakini tangu niugue, mama yako hutabasamu ninapoyanywa tu."

Miguu imemvimba baba tena, na leo ameomba kikombe cha pili. Njoo umwambie mama wewe. Mimi ulimi umekuwa mzito.

Mdogo wako, mpishi wa makapi