Jina Nililoita Mlangoni

Jumanne, 1996. Mvua haijakatika.

Njia ya kwetu hapa Lindi, mtaa wa mabanda jijini, si ule mji wa pwani, imekuwa uji mtupu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mara mbili. Fomu ya kuomba masomo ya ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake iko mezani bila hata nukta, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa.

Mpaka jana nilidhani shida yangu ni midomo ya watu. Kinyozi wa hapa nje hunisalimia, "Niaje, daktari wa mamathe?" yaani wa akina mama, na wateja wake huangua kicheko. Hayo nimeyazoea. Aliyenichoma ni mama mkwe wangu, aliyemtuma mke wangu Akinyi aniulize: mwanaume wa kazi hiyo ataketi vipi nyumbani kwa mama mkwe wake?

Swali halali. Kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Sijawahi kumpa mkono wala kula mbele yake. Jina lake halitamkwi nami. Kusema kweli hata sikulijua. Kwangu yeye ni Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Kongo kule Kawangware, basi.

Leo nimelijua.

Daktari wa kliniki moja ya Kawangware, mwanamke, aliugua, nikaombwa nimshikie zamu. Watu walijaa. Sista Nekesa, muuguzi wa pale, alikuwa anachemsha vyombo, kwa hiyo nikachukua kadi mwenyewe. Mama wa miaka hamsini na tano, hedhi ilikoma zamani, sasa anatoka damu, huu ukiwa mwezi wa tano mfululizo. Damu ya namna hiyo haingojewi. Nikaenda mlangoni nikaita jina lote, kwa sauti, benchi zima likisikia.

Akasimama Mama Akinyi.

Alikuja kumtafuta daktari wa kike, akanikuta mimi. Alijifunika uso kwa leso akatoka kwenye mvua. Sikumfuata. Niliona aibu, halafu nikaogopa, maana najua damu ile inaweza kuwa saratani. Na Akinyi siwezi kumwambia. Siri ya mgonjwa ni siri.

"Dakta, umemfanyia nini huyo mathe?" Sista Nekesa aliniuliza. Nilipomweleza hakucheka. Yeye ni Mluhya, na kwao mambo ni hayo hayo. Saa ya chakula alichukua mwavuli akaenda Kongo.

Alirudi amelowa magoti. Mama amekubali kwenda hospitali kubwa Alhamisi.

"Nimemwambia huko pia daktari ni mwanaume," akasema. "Akanijibu, huyo si mkwe wangu, huyo ni mtoto wa mtu. Na wewe amesema ujaze hiyo fomu yako. Lakini Alhamisi usionekane huko."

Nilienda chooni nikalia. Hapakuwa na pengine pa kujificha.

Sasa Akinyi ananiuliza mbona situlii. Nimesema ni fomu. Si uongo wote.

Nimeandika jina langu juu kabisa. La mama mkwe siliandiki hata humu daftarini, ingawa tangu mchana linanizunguka kichwani. Kwa mama za wenzangu mimi pia nitakuwa mtoto wa mtu tu, na hilo nadhani naliweza. Alhamisi ndiyo siiwezi. Nitakuwa mbali, na sitaruhusiwa kuuliza amepatikana na nini.

Mungu wangu, huyo mtoto wa mtu atakayempima awe amelelewa vizuri.