Usiku Niliomwagiza Madam Chai

Achieng, amka. Usipige simu, madam yuko jikoni. Soma tu.

Jana usiku niliingia chumbani kwa madam nikamwamuru anipikie chai. Madam wangu. Saa tisa usiku, nimejifunga leso, nimelowa jasho.

Sikumbuki kitu. Ameniambia yeye. Anasema nilimpigia hata makofi ili aharakishe.

Si unajua hii nyumba ya Waarabu hula saa sita usiku? Mimi nikajidunga insulini saa tatu, kama niko kwetu Machakos. Wageni wakaja, nikaosha vikombe mpaka nikachoka, nikalala bila kula. Sukari ikashuka nikiwa usingizini.

Ninachokumbuka ni juisi ya maembe mdomoni na madam amenishika kichwa. "Kunywa, Mwikali. Yalla, kunywa." Mamake alikuwa na sukari. Analijua hilo jasho.

Halafu akauliza dawa iko wapi.

Achieng, iko kwenye friji yake. Miaka miwili nimeificha ndani ya kopo la mtindi, asijue mimi ni mgonjwa. Nikamwonyesha. Nikajua halas, kazi imekwisha, kesho ni airport, narudishwa Kenya.

Akaliangalia lile kopo. Akasema, "Ungekufa humu ndani, ningempigia nani?"

Nikasema mama.

"Namba."

Asubuhi nimekuta karatasi kwenye mlango wa friji. Namba ya mama, na chini yake maneno ya Kiarabu. Binti wa madam amenisomea: "Mwikali akiitisha chai usiku, mpeni juisi kwanza. Mtakasirika baadaye."