Simu Niliyokuwa Naifagia

Jumamosi, alasiri. Kisongo kuna baridi, mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi moyo wangu ni mzito.

Mke wangu, mama Glory, yuko Muscat mwaka wa pili sasa, anafanya kazi za ndani. Anapata nafasi ya kuongea pale bosi wake akilala baada ya chakula cha mchana. Hutuma neno moja tu, "Nipo," kisha mimi ndiye nampigia simu ya video.

Shida ilikuwa simu yangu. Nikigusa ile programu ya kupigia, kioo kinabaki cheupe, kiduara kinazunguka weee. Ikija kufunguka, mara nyingi mwenzangu ameshaitwa. Tunaishia kuulizana mtoto amekula nini.

Na mimi, ili simu iwe nyepesi, kila nikiishika nafunga programu zote. Nazifagia kwa kidole hadi kioo kibaki kitupu. Nilijiona mjanja kweli.

Juzi mdogo wangu Upendo alishuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi, akanikuta nafagia. Akacheka. "Kaka, unazima jiko la mkaa kila ukimimina kikombe, halafu unalalamika chai haichemki." Akanieleza kwamba programu ukiiacha inalala tu, ukirudi inaamka pale pale ulipokuwa. Ukiifagia inaanza upya: ipakie vitu vyake vyote, ipange meseji, itafute mtandao. Na kwa simu yenye kumbukumbu ndogo kama yangu, nikifungua magemu na kamera, simu yenyewe inaitimua hiyo programu iliyolala ili ipate nafasi.

Leo sikufagia. Sikufungua kingine chochote.

"Nipo" ilipoingia nikagusa, na papo hapo uso wake huu hapa. Amekonda. Nimemkumbuka huyu mwanamke jamani, nimemkumbuka hadi kifua kinauma.

Tukaongea ya mtoto, yakaisha. Ya mbuzi, yakaisha. Muda bado upo. Ndipo akasema bosi anataka aongeze mkataba, miaka miwili mingine, na kesho kutwa anatakiwa ajibu.

"Baba Glory, unasemaje?"

Nikamjibu, "Wewe tu utakavyoona."

Hivi mimi nina akili?

Akabaki ananitazama. Alikuwa anasubiri neno, na mimi nikajifanya naangalia mbuzi nje. Safari hii simu haikukwama, nimekwama mimi. Akaitwa, akakata.

Najua ada ya Glory inatoka kwenye jasho lake. Najua vyumba viwili havijaezekwa. Ndiyo maana nikamjibu vile. Lakini kwenye vyumba hivyo nitalala na nani?

Ningeweza kumwandikia sasa hivi, ila jambo hili nataka alisikie akiwa anauona uso wangu. Kesho akituma neno lake, sitauliza habari za huko. Namwambia: rudi nyumbani, mama Glory, tutakula hicho hicho kilichopo.