Bastola Yenye Sura Mbaya

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali la kuchoma utosi, na sasa upepo kutoka baharini unalirusha pazia la chumba changu mpaka linagusa dari. Vidole vinanuka baruti ingawa nimenawa mara tatu.

Hali ya moyo: fahari. Naliandika neno hilo polepole kwa sababu sijawahi kuliandika humu.

Wanaonisoma humu bloguni wanajua kwamba mimi ni mwoga. Naogopa mlango ukibamizwa na upepo. Ofisini, kwa wakala wa forodha ninakofanya kazi ya ukarani, simu ikiita nashtuka kama niliyefumaniwa. Barua naikagua mara nne kabla ya kuipeleka kwa bosi, na nikishaipeleka narudi kumwomba niikague tena. Fataki za harusini hunikimbiza mpaka chumba cha bibi harusi, na mara mbili nimekutwa humo na watu wanaokuja kumpamba.

Kwa hiyo mtashangaa nikisema kwamba leo nimeshinda machimboni, nje kidogo ya Muheza, nikichagua bastola.

Mwalimu Mhina alinifundisha fizikia sekondari. Siku hizi amestaafu na ni mwenyekiti wa klabu yetu ndogo ya shabaha inayokutana huko machimboni, watu kumi na mmoja tu. Alinitaka niwe katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikubali kwa sharti la kutogusa silaha, na kwa miezi minne nilikaa mezani nikiandika nani kapiga nini. Kisha siku moja akaiweka bunduki ya upepo mbele yangu. "Usiipende," aliniambia. "Ila ijue."

Nikaijua. Na nilipolala kifudifudi kwenye mkeka nikalilenga kopo la maziwa, niligundua kitu ambacho sikumwambia mtu. Mikono haikutetemeka.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu kule woga una kanuni, na kanuni zimeandikwa ubaoni. Mtutu uelekee kwenye ukuta wa udongo. Kidole kikae nje mpaka uwe umelenga. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi hata kama umeikagua sasa hivi. Hayo yote mimi nilikuwa nayo moyoni tangu utotoni, sema nilikuwa nayafanyia milango na simu. Mahali pengine nachekwa kwa hayo. Machimboni naambiwa, "Safi, Katibu."

Ni saa mbili tu kila Jumamosi. Kwangu ni nyingi.

Basi, kibali kimetoka. Baada ya kamati, mahojiano na fomu nilizojaza mimi mwenyewe, klabu imeruhusiwa kuwa na bastola moja. Moja tu, ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, kwa ajili ya kulenga shabaha nje, kujifurahisha. Wakala wa silaha mwenye leseni akaleta mbili tuzijaribu tuchague. Zote ni nusu-otomatiki: ukifyatua, ganda tupu linaruka nje na risasi inayofuata inaingia yenyewe, lakini kila mlio unataka kidole kivute upya.

Ya kwanza ilikuwa nzuri. Chuma kitupu, nyeusi yenye kung'aa kibuluu, mtutu mrefu, mpini wa mbao. Ukiishika unajisikia mtu mwenye hadhi. Ya pili ilikuwa na mwili wa plastiki ya kijivu, fupi, na Rashidi, mwenzetu klabuni, alipoiona akauliza kama imekuja na misumari au misumari tununue wenyewe. Kweli ilifanana na mashine ya fundi ya kupigia misumari.

Mimi niliitaka ya pili. Nilikuwa nimesoma vijitabu vyake vyote viwili wiki nzima, na nilikuwa nimeamua moyoni, bila kumwambia hata Mwalimu: wakichukua ile nzuri, najiuzulu. Siwezi kusimama kila Jumamosi karibu na silaha nisiyoiamini. Na nikijiuzulu, zile saa mbili zimekwenda.

Sababu yangu ilikuwa moja. Ile ya kijivu, risasi ikiisha, sehemu yake ya juu hurudi nyuma na kubaki huko, wazi, ndani unaona. Ile nzuri risasi ikiisha hujifunga tena kama kawaida. Iwe tupu au imejaa, kwa nje sura ni ileile.

Lazima nikiri jambo. Kwa ile nzuri nilipiga machungwa manane kati ya kumi. Kwa ya kijivu, sita. (Machungwa ni ya Rashidi. Yeye ni mnunuzi wa machungwa Muheza, na yanayobondeka anatuletea tuyapange juu ya ubao kwenye ukuta wa udongo. Chungwa lililopigwa sawasawa hutoa ukungu wa njano, na harufu yake huja baada ya sekunde mbili.) Kila aliyejaribu alipiga vizuri zaidi kwa ile nzuri. Mwalimu alipoipiga alitabasamu kama kijana. "Inapiga pale unapotazama," akasema, na nikaona mambo yangu yameharibika.

Ikaja zamu ya Rashidi na hiyohiyo nzuri. Alipomaliza akaiweka mezani. "Imeisha. Karani, andika: Rashidi, saba."

"Tisa," nikasema.

"Tisa? Unaniongezea? Mungu akubariki."

"Milio. Nimehesabu milio tisa. Uliweka risasi kumi."

"Ala! Mke wangu mwenyewe hanihesabii hivyo."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliichukua, akaielekeza kwenye udongo, akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta sehemu ya juu. Risasi moja ndogo ikadondoka kwenye mkeka.

Rashidi aliinama, akaiokota. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Kumi. Ahsante, dada Mwanaidi."

Nilidhani mambo yameisha hapo. Hayakuisha. Walisema ni kosa la Rashidi, si la bastola, na kwa kweli walikuwa sahihi. Mwalimu akapendekeza tuwe tunachomeka kijiti cha rangi nyekundu kuonyesha ni tupu. Nikauliza, na siku tukisahau kijiti? Akanijibu kwa upole, "Katibu, wewe hutasahau." Ilikuwa sifa, na ilinifunga mdomo.

Kisha ikawa zamu yangu tena na ya kijivu. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikavuta mara ya nne.

Tik.

Hakuna mlio. Risasi hizi ndogo hupigwa pembeni, kwenye ukingo wa kitako cha ganda, si katikati, na mara mojamoja zinagoma. Inayogoma yaweza kuwa imekufa. Yaweza pia kuwa inachelewa tu. Ndiyo maana kanuni ni kutulia, mtutu kwenye udongo, kidole nje, uhesabu mpaka thelathini kabla ya kugusa chochote.

Nilikuwa nimefika sita, nikasikia nyuma yangu, kwa mbali kwa sababu ya vikinga masikio, sauti ya mzee.

"Hodi wenyewe! Mbona kimya, mmekufa?"

Alikuwa Mzee Kombo, mwenye ardhi. Machimbo ni yake, ametupa bure, na akisema tuondoke tunaondoka. Tunatundika bendera nyekundu njiani ili watu wasipite wakati wa kupiga, lakini yeye kwenye shamba lake hasomi bendera.

"We binti, hujambo?"

Nane. Tisa.

"Binti! Nakusalimu."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimelelewa na mama ambaye angeacha ubwabwa uungue aende mlangoni kumwamkia mtu mzima. Mkubwa haamkiwi kwa kisogo. Unageuka, unainama kidogo, unasema shikamoo, ndipo mambo mengine yaendelee. Sikufikiri kugeuka. Shingo yenyewe ilianza. Na bega hufuata shingo, na mkono hufuata bega, na mkononi nilikuwa na nilichokuwa nacho.

Nikaikaza shingo mpaka ikauma.

"Subiri, Mzee!"

Nilipaza sauti. Sijui ilitoka wapi.

"Nisubiri?" Nikamsikia akiuliza watu. "Kanambia nisubiri? Kwenye shamba langu?"

Kanuni inasema thelathini. Nilihesabu sitini, nikaongeza kumi za woga. Nikachomoa magazini, nikafungua, risasi ikatoka, nikaiweka bastola mezani ikiwa wazi. Ndipo nikavua vikinga masikio, nikageuka, nikamwendea, nikainama.

"Shikamoo, Mzee."

Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu. Marahaba haikuja.

"Ameanza kuuamkia udongo, Mzee," Rashidi akasema. "Wewe umekuwa wa pili."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mwalimu akifikiria pa kuanzia kuomba radhi, na nikajua akiomba radhi kwa niaba yangu nitakuwa nimekosea kweli. Nikarudi mezani, nikaiokota ile risasi, nikaiweka kwenye kona iliyo karibu na mzee.

"Itazame ukingoni, Mzee. Kuna kovu."

Akakataa. Kisha akatoa miwani. Akainama.

"Imepigwa," akasema.

"Imepigwa, na haikulia. Ilikuwa humo ndani uliponisalimu. Nilikuwa sijui kama itachelewa au imekufa."

"Na ungegeuka?"

"Ingekuwa inakutazama wewe."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Akaitazama risasi, akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema, kama mtu anayetema kokwa. "Lakini umenifokea."

"Nimekufokea, Mzee. Nisamehe."

"Sijasema nimesamehe."

Akavuta kiti, akakaa hatua kama kumi kutoka mezani, amekunja mikono. Mwalimu akaona kheri tumalize kwa kura. Akasema mbele ya wote kwamba anasikitika, lakini ya kijivu ndiyo iliyogoma, na nzuri haikugoma hata mara moja.

Nikasema risasi ndiyo iliyogoma, na risasi mbaya haichagui bastola. Nikasema ile nzuri inapiga vizuri kuliko hii, na mimi mwenyewe ni shahidi. Hapo sauti ikaanza kunikimbia, kama inavyonikimbia ofisini. Wote walikuwa wananitazama. Nikaona badala ya kusema nifanye.

Nikazikagua zote mbili mpaka nikaridhika, Mwalimu akazikagua baada yangu. Nikaweka magazini tupu kila moja, nikavuta sehemu ya juu nikaiachia, kama inavyokuwa baada ya mlio wa mwisho. Nikazilaza mezani, mitutu kwenye udongo.

"Mzee Kombo," nikasema. "Kutoka hapo ulipokaa, ipi haina risasi?"

"Mimi bunduki sizijui."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akanyoosha shingo. "Hiyo mbaya. Imeachama, naona mwanga upande wa pili."

"Na hii nzuri?"

"Nitajuaje? Imefumba mdomo."

Nilikuwa na maneno mengine niliyoyaandika kwenye karatasi, pointi sita, nikaiacha karatasi mfukoni.

Rashidi ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kuichagua ya kijivu, na hakutania. Wakafuata wengine. Mwalimu aliinua wa mwisho, huku mkono wa pili ukiwa bado juu ya mpini wa mbao. Kisha akairudisha ile nzuri kwenye sanduku lake taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala, na akasema kwa fizikia yangu hii angenipa alama kubwa zaidi kuliko aliyonipa zamani. Nilimkumbusha kwamba alinipa ya juu kabisa. Akasema, basi.

Nikajaza fomu palepale. Aina, ukubwa wa risasi, namba ya silaha tarakimu kwa tarakimu. Nikaisoma mara tatu tu. Tatu! Nikamkabidhi wakala bila kumwomba anirudishie.

Ningependa kuishia hapo, lakini tulipokuwa tunakunja mikeka Mzee Kombo aliita.

"Mhina! Na mimi nataka kujifunza hiki kitu. Shamba langu, mnapiga machungwa, mimi nimekaa kama mgeni."

"Karibu sana, Mzee. Jumamosi ijayo nitakufundisha mwenyewe."

"Wewe hapana. Wewe utanistahi." Akaninyooshea fimbo. "Huyu aliyenifokea ndiye anifundishe."

Nikasema ndiyo kabla sijaogopa.

Sasa nimeshaogopa. Nimekaa hapa na chai imepoa, najaribu kuandika somo la kwanza. Watu wote niliowahi kusoma nao, kufanya kazi nao, kuwaamkia, huwa naanza na "naomba". Naomba upite, naomba usaini, naomba radhi. Lakini nimesimama leo na kitu kimegoma mkononi, na najua sasa jinsi sekunde moja ilivyo fupi. Nitamwambiaje mzee wa miaka sabini "toa kidole", hivyohivyo, maneno mawili, siku ambayo "naomba" itakuwa neno refu mno?