Bastola ya Marehemu na Tundu la Ukutani kwa Jirani

Mchungaji Thrailkill,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, nilikuwa muumini katika kanisa ulilolichunga kabla hujastaafu, ingawa nilikaa viti vya nyuma na huenda hunikumbuki, na nimeusoma ukurasa wako gazetini kila Alhamisi kwa miaka tisa bila kufikiri kwamba siku moja nami nitakuwa na haja ya kukuandikia. Nahitaji ushauri kuhusu kuchagua bastola.

Tangu Hollis wangu afariki, miaka minne sasa, naishi peke yangu katika nyumba yetu ya trela, na bastola yake ya silinda inayozunguka imekaa kwenye droo kando ya kitanda vilevile alivyoiacha, ikiwa na risasi zake sita ndani, sikuigusa, sikuisafisha, kwa maana miwani yake ipo palepale na kofia yake ipo palepale, na sikuona kwa nini bastola ndiyo ibadilishwe. Basi mwezi wa tatu, saa nane mchana, nikiwa nimejilaza, mtu akakitikisa kitasa cha mlango wangu mara mbili, polepole, kama anayejaribu, nikauliza ni nani, asijibu, na nilipochungulia niliona alama za tope tu kwenye ngazi. Tangu siku hiyo sijalala mchana, na mlango naukagua kila ninapopita.

Shemeji yangu Doyle, mdogo wake Hollis, aliposikia habari hiyo alinipeleka duka la silaha mjini, na kabla sijafungua mdomo akamwagiza muuzaji atoe moja ndogo ya rangi ya zambarau.

"Shemeji, hii ndiyo ya kina mama," akaniambia. "Nyepesi, inaingia mkobani, hata ukiwa kanisani hakuna atakayejua."

"Doyle, mwache aishike kwanza," akasema muuzaji. "Hanunui pochi."

"Wewe uza, kuhubiri waachie wenyewe. Na umpe risasi kali kuliko zote ulizo nazo. Mtu akigongwa asiinuke."

"Risasi kali kwenye kibastola hicho? Atapiga moja, kisha akitupe mtoni na wewe akutupe hukohuko."

Walibishana hivyo huku nimesimama katikati kama mzigo unaosubiri kupakiwa, na tukaondoka bila kununua kitu, na Doyle alininunia njia nzima.

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, nikaamua kuitoa bastola ya Hollis niipime mkononi, nilinganishe uzito wake na ile ya zambarau, nikaivuta nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, kwa kidole gumba kama nilivyomwona akifanya, kisha nikaingiwa na hofu nikataka kuirudisha taratibu, na vidole vyangu, Mchungaji, vina baridi yabisi. Kidole kiliteleza. Sikumbuki mlio wake, nilijikuta nimekaa sakafuni masikio yakivuma, na mbele yangu kuna tundu ukutani ambalo ningeweza kuliziba kwa kidole.

Sasa sijui nifanye nini. Doyle anasema ile ya zambarau isingeniletea hayo. Muuzaji amenipigia simu na kusema nijaribu kubwa kidogo, yenye uzito. Wapo wanaosema silinda, wapo wanaosema ile ya kupachika kasha la risasi kwenye mpini, wapo wanaosema risasi zenye tundu kwenye ncha na wengine wanasema hizo zinakwama. Ninunue ipi, na niweke risasi gani?

Kuna jambo jingine, ambalo si swali hasa. Risasi ile ilipita ukuta wangu, ikavuka uwanja, ikapita ukuta wa jirani yangu, Ndugu Harlan Pruitt, ikaingia kwenye kiti chake cha kujilaza, mahali pa kuwekea kichwa. Saa hiyo kila siku yumo kwenye kiti hicho akitazama televisheni. Siku hiyo alikuwa ameinuka kwenda jikoni kutafuta achari ya matango, nami nilimwona akitoka nje na kopo mkononi, mzima, nikaanguka magotini palepale dirishani, na hata leo nikimsikia akikohoa asubuhi nashukuru hadi machozi yanitoke. Lakini sikumwambia. Nilitundika chungu cha maua juu ya tundu kwa upande wa nje. Afisa wa sherifu, yaani polisi wa kaunti, alikuja akapiga picha, Harlan akamwambia kwamba ni Travis Goforth, yule fundi wa kuchomelea anayelenga makopo kwa bunduki kwenye uzio ulio karibu nami, na Travis akakana, hakuna aliyemsikiliza. Msimamizi wa uwanja huu wa trela tunaopanga amewapa yeye na mkewe hadi mwisho wa mwezi wahame.

Naomba unijibu kuhusu bastola.

Oleta Brashears

*

Bi Oleta,

Nakukumbuka vizuri. Ulikaa kiti cha pili kutoka mlangoni, na mimi ndiye niliyemzika Hollis. Jibu hili nalituma kwa posta siku ileile niliyopokea barua yako, kwa kuwa mwisho wa mwezi hautangoja gazeti.

Nimezihesabu kurasa zako. Ni tano. Nne ni za bastola, nusu ni ya Ndugu Harlan, na Travis Goforth, anayefukuzwa nyumbani kwake kwa kosa lako, amepata mistari michache chini kabisa, mwandiko ukiwa umebanwa kama unaotaka kutoka nje ya karatasi. Umeniomba nijibu kuhusu bastola. Nitajibu, lakini baadaye.

Kwanza nilie nawe kidogo kwa furaha. Mtu aliyepaswa kuwa kwenye kiti hakuwa kwenye kiti. Ningeweza kuwa naandika leo barua ya namna nyingine, kwa mwanamke aliye mahabusu, kuhusu jirani aliye kaburini. Badala yake jirani yako ana tundu kwenye kiti na wewe uko nyumbani kwako. Mungu amekupa rehema kubwa sana, na wewe umeifunika kwa chungu cha maua. Hapo ndipo ninapokukemea. Ajali haikuwa dhambi. Kidole kinachouma huteleza. Kilichofuata ndicho dhambi, na kinaendelea kila asubuhi unapomwagilia maua yale.

Uliogopa. Mwanamke anayeishi peke yake anaogopa kuonekana hana akili timamu, anaogopa shemeji atasema alimwonya, anaogopa watamhamishia kwenye nyumba ya wazee. Naelewa hofu hiyo, na siidharau. Lakini Travis naye anaogopa, naye hana anachokificha.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, toa kile chungu. Vaa viatu, uvuke uwanja, ugonge mlango wa Harlan. Usibebe keki wala pai ya pichi. Nawajua wanawake wa kwetu: tukio lolote zito lazima litanguliwe na bakuli la chakula kutoka oveni, na mwenye nyumba hulazimika kushukuru kabla hajajua anashukuru nini. Nenda mikono mitupu. Sema sentensi ya kwanza iwe ndiyo yenyewe: ni mimi niliyepiga. Ukitoka hapo nenda kwa Travis na mkewe, useme hayohayo. Kisha msimamizi, kwa maandishi, na nakala kwa ofisi ya sherifu. Wakiamua kukutoza faini, lipa.

Sasa bastola.

Nimewinda tangu ujana, na nimezika watu watatu waliouawa na silaha ambazo wenyewe waliamini hazina risasi, kwa hiyo nisikilize. Hollis aliitumia bastola ile kwa nguruwe pori. Nilikuwa naye zaidi ya mara moja kule bondeni. Risasi alizoacha ndani ni zile ngumu, nzito, zenye ncha bapa, zilizotengenezwa kuvunja mfupa wa bega la mnyama wa kilo mia na kuendelea na safari. Umekaa miaka minne na risasi za nguruwe pori katika nyumba yenye kuta nyembamba kama sanduku la viatu, kwa sababu ya heshima. Bi Oleta, heshima ya marehemu haikai kwenye silinda. Mwombe muuzaji azitoe. Miwani na kofia viache.

Kuhusu ile ya zambarau, shemeji yako ana nia njema na amekosea, kama wanavyokosea karibu wanaume wote wanaomnunulia mwanamke silaha. Bastola nyepesi hupiga mkono wa mwenyewe kwa nguvu zaidi, maana haina uzito wa kuuzuia mtikisiko, na mwanamke anayeumia kila anapofyatua huacha kufanya mazoezi baada ya wiki ya pili. Tafuta yenye uzito wa wastani, inayojaza kiganja, ambayo kidole chako kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Ile ya risasi za mpini hutaka uivute sehemu ya juu kwa nguvu. Kama baridi yabisi inakukatalia, chukua silinda, na usiguse nyundo yake kabisa. Usiinunue kwa kuitazama. Nenda uwanja wa shabaha wakukodishe tatu nne, upige, na mkono wako ndio uamue. Sio Doyle. Wala sio mimi.

Risasi: zenye tundu kwenye ncha, zinazopanuka zikigonga mwili, na za nguvu ya kadiri, sio kali. Muuzaji alisema kweli. Nunua pia sanduku la zile za bei nafuu za mazoezi, lakini hizo zibaki uwanjani, maana hupenya sana. Kabla ya kuziamini zile za kujilinda, piga dazeni kadhaa kwa bastola yako mwenyewe uone kama zinakwama. Na usidanganywe na maandishi ya kwenye kasha. Hakuna risasi inayoweza kumsimamisha mtu mbaya halafu ikaheshimu ukuta wa trela. Kabla hujanyanyua mkono lazima ujue ni nani anakaa nyuma ya ukuta huo. Wewe sasa unajua.

Nunua kasha dogo la chuma lenye kufuli, na droo ibaki ya soksi. Yupo mwalimu wa kike anayefundisha kila Jumamosi nyuma ya jengo la zimamoto; jiandikishe kabla hujanunua chochote. Na kabla ya hayo yote, weka komeo la pili mlangoni na taa ya nje, kwa kuwa aliyekitikisa kitasa aliondoka aliposikia sauti yako tu. Huenda ukimaliza mafunzo ukaona huhitaji bastola. Hutakuwa umeshindwa.

Lakini usilifanye lolote kati ya haya ya mwisho kabla hujagonga ule mlango.

Mchungaji mstaafu Amos Thrailkill

*

Siku sita baadaye Bi Oleta aliniandikia tena. Ninachapisha barua zote katika ukurasa huu kwa idhini yake, na majina yote, kwa sharti alilolitoa yeye mwenyewe. Hii ni sehemu ya barua yake ya pili:

"Nilikwenda mikono mitupu. Nikagonga, akafungua, nikasema: Ndugu Harlan, ni mimi niliyepiga. Akaniambia niseme kwa sikio la kulia, la kushoto halisikii, ikabidi niseme mara ya pili kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Akanitazama. Akakitazama kiti. Akaniambia, 'Oleta, miaka minne nakukaribisha uje unitembelee, halafu unatanguliza risasi?'

"Nikalia, naye akakaa kwenye ngazi akalia pia, kisha akakasirika kwelikweli, akasema ningeweza kumuua na achari yake mdomoni, nikasema najua, akasema hapana, hujui, akaendelea mpaka akaishiwa. Alipomaliza akachukua kofia. 'Twende kwa yule kijana,' akasema. 'Mimi ndiye niliyemtaja kwa sherifu. Utaanza wewe, mimi nitamalizia.'

"Mke wa Travis ndiye aliyefungua. Sebule nzima ilikuwa masanduku. Travis alitusikiliza wote wawili, akaweka chini ile tepu ya kufungia, akamwambia mkewe, 'Shelby, toa vyombo masandukuni.' Msimamizi alibatilisha notisi jioni hiyohiyo. Afisa wa sherifu amenipa onyo la maandishi na kuniambia niende kwenye yale mafunzo, nikamwambia tayari nimejiandikisha. Bastola ya Hollis ipo kwa muuzaji, tupu. Jana nimelala mchana, Mchungaji. Saa mbili nzima."

Hili ndilo sharti lake. Katika kaunti hii, mezani na kwenye veranda za kanisa, wengi tulilirudia jina la Travis Goforth kwa wiki tatu, na mimi mwenyewe nililisikia nisiulize kitu. Hakuwa yeye. Ukikutana naye wiki hii, mwambie kwamba unajua.